Mjomba Aliyemuuza Alfonsi kwa Mabati

Ruangwa, Jumamosi, mwezi wa nane, 1956

Baridi asubuhi, vumbi mchana. Upepo haujatulia tangu juzi, na mikorosho ya mdogo wangu Magdalena imejaa maua, lakini leo hata harufu yake siitaki. Nina kichefuchefu. Nimekunywa maji ya ndimu, nimetafuna tangawizi, wapi. Nimeketi barazani kwa Magdalena, daftari mapajani, na nikiinua macho naiona nyumba ya kaka yetu Kaspari pale ng'ambo ya njia. Kwa hiyo siyainui.

Nianze na jema, maana mimi ni mtu wa kushukuru.

Kesho mwanangu Alfonsi anasafiri kwenda kufundisha chuo kikuu, huko Uganda. Nimeliandika polepole ili nilitazame vizuri. Kufundisha. Chuo kikuu. Mtoto wa tumbo hili hili, niliyemwandikia a, e, i, o, u kwa mkaa juu ya ungo, mimi ambaye masista wa Mnero walinifikisha darasa la nne tu nikaolewa. Wako wanawake huku wamezaa watoto wengi, siwadharau. Mimi nilizaa mmoja, lakini nilizaa.

Kabla ya haya Alfonsi alikuwa Nachingwea, kwenye kituo cha utafiti cha serikali. Wazungu wa karanga waliposhindwa wakaondoka na matrekta yao, walibaki wataalamu wachache wa kuchunguza udongo na magonjwa ya mimea, na mwanangu alipomaliza masomo yake akapewa kazi humo. Yeye anasema maabara. Sisi tunasema nyumba ya chupa, kwa sababu ukichungulia dirishani unachoona ni chupa, na ndani ya kila chupa kuna udongo wa shamba la mtu. Kila nilipokwenda sokoni Nachingwea niliiacha njia ya mkato makusudi, nikazunguka nipite hapo, na yeyote niliyefuatana naye nilimwambia, "Ngoja kidogo nimsalimie mwanangu, yuko ndani anapima udongo wa serikali." Hata siku ambazo nilijua hayupo.

Mwaka huu mwalimu wake wa zamani akamwita arudi chuoni, safari hii akae upande wa walimu. Awafundishe vijana mambo ya udongo, na achunguze lile analolitaka yeye, badala ya kuamka kila siku kufanya la kuagizwa. Siku za sherehe atavaa joho jeusi. Habari hiyo niliitangaza Mnero nzima kuishinda kengele ya kanisa. Jirani yangu Mama Veronika akaniambia, "Mama Alfonsi, tumesikia, tukasikia tena, na jana tumeota." Nikamwambia aote na leo, joho bado halijaisha.

Lakini mtumishi wa serikali hajiondokei tu. Lazima mkubwa wake amruhusu.

Alfonsi alikuja kwangu Mnero siku moja jioni uso umemshuka. Hakula. Nikamuuliza kuna nini, akasema Bwana Mkubwa wa maabara amekataa kumwachia. Tena amekataa kwa upole, akitabasamu. Amemwambia, "Mimi binafsi ningekuruhusu, lakini mjomba wako amekuja kwangu. Amesema ukoo hautaki uende. Mimi naheshimu mila zenu."

Mjomba wako!

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na anayesema juu yake ni kaka wa mama. Hata baba yake Alfonsi, Mungu amrehemu, alipotaka kumpeleka mtoto shule ya mbali alikwenda kwanza kukaa kwenye mkeka wa Kaspari akaomba. Ndivyo tulivyo. Huyo Bwana Mkubwa amekaa huku miaka mingi, amekula mbaazi zetu, ameingia ngoma zetu, anajua mlango wa nyumba yetu uko wapi. Hakuniuliza mimi mama. Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba.

Sikuamini kwamba Kaspari angesema vile. Nilisema moyoni Mzungu anadanganya. Nilipanda lori la ufuta nikaja Ruangwa nimsikie kaka yangu mwenyewe akikana.

Aliyenipokea ni mkewe, wifi yangu Emilia, ameng'aa kama aliyepakwa mafuta, akanikalisha ndani.

"Wifi, karibu! Mbona unatazama chini? Tazama juu!"

Nikatazama juu. Nyumba ya Kaspari, iliyoezekwa nyasi tangu ijengwe, imevaa mabati. Yana rangi ya kijani iliyobanduka, na matundu ya misumari ya zamani kila mahali, na kila tundu limedondosha jicho la jua sakafuni. Kila mtu huku anayajua mabati hayo. Ni ya nyumba za kambi ya Wazungu wa karanga.

"Mmeyanunua wapi?" nikauliza.

"Kununua! Kaka yako ni mtu mkubwa, wifi. Lori la nyumba ya chupa limeyashusha mpaka hapa mlangoni. Na Bwana Mkubwa mwenyewe alikuja, akakaa hapo hapo ulipokaa wewe, akanywa uji."

Nilisimama. Mate yalinijaa kinywani, yale mate ya mtu aliyeng'ata kitu kilichooza ndani. Nikaenda nyuma ya jiko nikatema. Nikarudi, yakajaa tena.

Kaspari alipotoka shambani nilimuuliza mbele ya mkewe, sikungoja salamu ziishe. Akakaa, akanyoosha miguu, akazungumza nami kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Dada, usikasirike. Namtakia mema. Akienda Uganda ataoa huko huko. Ataoa Mganda. Watoto watakuwa wa nani?"

"Hata akioa hapa Ruangwa watoto watakuwa wa ukoo wa mkewe! Wewe wako ni wa nani? Si wa akina Emilia? Tangu lini watoto wa mwanaume wakawa wetu?"

Emilia akaangua kicheko, kisha akakumbuka yuko upande gani akanyamaza.

"Basi," Kaspari akasema, "hapa Nachingwea yuko karibu. Nikiumwa, nani ataniletea dawa? Na Bwana Mkubwa ni mtu mwema, amenikumbuka. Mabati haya hayavuji."

"Yana matundu kama chekeche."

"Nitayaziba kwa lami."

Hakuona aibu. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo. Angejificha, angenung'unika, angesema shetani alimpitia, ningejua pa kuanzia. Yeye alinieleza atakavyoziba matundu kwa lami.

Huyu ndiye niliyembeba mgongoni. Mama alipokuwa shamba nilimtafunia muhogo nikamlisha kinywani. Nikikumbuka hivyo hata kinywa changu mwenyewe nakionea kinyaa.

Nilivuka njia nikaja hapa kwa Magdalena. Magdalena ni mtu wa maneno machache, akitoa neno unajua ameligeuzageuza. Nilimweleza yote huku nalia na kutukana. Alikuwa anapembua mtama. Akaendelea kupembua mpaka nikamaliza.

Kisha akasema, "Dada, unga upo ndani."

Nikafuta machozi, maana nilijua anasema unga gani.

Kaspari ni mkubwa kwa sababu moja tu: sisi dada zake tumekaa nyuma yake. Sisi na watoto wetu ndio mbumba yake, na mwanaume asiye na mbumba hata kama ana mabati mpaka kwenye zizi la mbuzi, kikaoni ataulizwa amefuatana na nani. Na dada wakiona wameuzwa, wanaweza kuchukua unga wao, ule wa kutambikia, wakampelekea kaka mwingine awe msemaji wao. Jambo lenyewe ni zito. Mama yetu hakuwahi kulifanya. Bibi yetu alilifanya, na tulikua tukilisikia likisimuliwa kwa sauti ya chini. Padre halipendi jambo la unga, anasema ni la kizamani, lakini padre hana dada huku.

Kaka mwingine tuliye naye ni mmoja tu, Bonifasi, kitinda mimba wetu. Ni mchimba visima. Hakuna anayemuuliza Bonifasi jambo lolote isipokuwa maji yako wapi. Tulimkuta ndani ya shimo kwenye shamba la mtu, tukaona kofia yake tu kule chini.

"Bonifasi! Panda juu!" Magdalena akaita.

"Dada, nikipanda mchanga utaporomoka."

"Uporomoke. Tumekuletea unga."

Kisha sauti ikapanda polepole, "Nani amekufa?"

Alipotoka na kusikia habari alikaa chini akacheka kwa woga. "Mimi niwe msemaji wenu? Dada zangu, kuku wangu wenyewe wananijibu."

"Sisi hatutakujibu," nikamwambia.

"Wewe Dada Klara? Wewe utanijibu kabla sijauliza!"

Hata mimi nilicheka, na machozi yangu yale yale. Lakini Magdalena hakucheka. Aliweka kikapu kidogo cha unga miguuni pake akapiga goti, nami nikapiga goti, mimi mkubwa wao wote, mbele ya mtoto niliyemfuta kamasi. Bonifasi akaacha utani. Akachovya vidole vyake kwenye unga, vidole vya kisimani, tope limempanda mpaka viwikoni. Unga wote ukawa matope. Sikuona kinyaa hata kidogo. Kaspari siku hizo alikuwa ananawa kwa sabuni ya Bwana Mkubwa.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Siku ya kazi iliyofuata tulikuwa Nachingwea, mimi, Magdalena na Bonifasi aliyevaa koti la marehemu mume wangu, mikono ya koti imempita vidole. Alfonsi hatukumwambia. Tulimkuta kwenye meza yake, akatuona, akaweka chupa chini taratibu kama mtu aliyeona nyoka.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia ndani ya ile nyumba niliyokuwa najisifia kwa nje. Harufu! Karanga zenye ukungu zimepangwa kwenye visahani vya kioo, nyingine zimeota manyoya ya kijani, nyingine zimeoza zimekuwa uji mweusi. Mwanangu alikuwa anakaa na vitu hivyo mchana kutwa. Ni kazi, najua, na kazi ni heshima. Lakini nilipoona yule Bwana Mkubwa anatujia akitabasamu, ukungu ule na tabasamu lile niliviona ndugu.

Anajua Kiswahili vizuri. Akatukaribisha, akauliza hali. Bonifasi akamwambia yeye ni mjomba wa Alfonsi, amekuja kusema ukoo umekubali mtoto aende.

"Mjomba wake namfahamu," Bwana Mkubwa akasema. "Ni Kaspari."

"Alikuwa," Bonifasi akasema. "Mpaka Jumapili."

Nilitaka kupiga kigelegele humo humo kati ya chupa. Magdalena alinibana mkono.

Bwana Mkubwa akamgeukia karani wake, mzee wa Kiyao mwenye miwani, akamuuliza jambo hilo linawezekana vipi. Karani alitazama dari muda mrefu. Nilijua anazuia kicheko, shingo ilikuwa inamtetemeka.

"Ndivyo ilivyo, Bwana," akasema. "Dada wakiondoka, wameondoka. Yule sasa ni mtu tu."

"Ulimwambia mpwa wangu kwamba unaheshimu mila zetu," Bonifasi akasema, tena kwa adabu, mikono ya koti imeshikana mbele. "Tumekuja uziheshimu."

Uso wa Bwana Mkubwa ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Alizungumza mengi. Kwamba Alfonsi anahitajika. Kwamba amemfundisha kazi yeye mwenyewe. Kwamba huko chuoni ni kelele na vitabu, na udongo wa kweli uko hapa. Huenda hata alikuwa anampenda kidogo, sijui. Mtu anayempenda mwanangu angekuja Mnero kwangu, ningempa kiti, tungegombana hadharani. Asingeenda kunywa uji wa Emilia.

Karatasi ya ruhusa ikatoka. Nilimwona Alfonsi ameikunja na kuifunua mara nyingi mpaka nikamwambia aache, itachanika.

Ingeishia hapo ningekuwa nimeshapona tumbo. Haikuishia.

Wiki iliyopita lori la nyumba ya chupa likaja tena Ruangwa. Watu wakashuka na nyundo, wakapanda juu ya nyumba ya Kaspari, wakaanza kung'oa mabati. Walisema yaliazimwa tu, yanahitajika kituoni. Mchana kweupe, Emilia anapiga kelele, watoto wa jirani wanashangilia kila bati likianguka. Zile nyasi za zamani zilishapikiwa chakula. Zikabaki fito tupu, nyumba kama mbavu za ng'ombe aliyeachwa na tai.

Mtu mzima, mwenye kazi ya serikali, anatoa zawadi, akikosa alichokitaka anaipandia ngazi. Nimemchukia upya. Nilidhani nimeshamaliza kumchukia.

Na Kaspari? Mnajua alifanya nini Kaspari? Alimfuata dereva akamwomba amwachie japo yale ya jikoni. Alimshika shati. Nimeambiwa na watu waliokuwepo, na kila anayenisimulia nataka kumziba mdomo, kisha nataka amalizie. Nami nilipofika juzi nilipita mbele ya nyumba ile kutazama. Ruangwa yote imepita. Nilimwona kupitia mlangoni ameketi ndani, jua limemwangukia kichwani, anatazama mahali palipokuwa na paa. Hakunisalimu. Nilitema mate njiani nikaendelea, na mate hayo nayo yakanichefua.

Sasa la leo.

Alfonsi amefika asubuhi kutuaga. Nilimtayarishia kiti. Nilitaka akae hapa barazani na shati lake jeupe, watu wapite wamwone, waulize, nijibu. Nilikuwa nimeshayapanga majibu. Akanywa chai, akavua shati, akamwomba Magdalena panga.

"Unakwenda wapi na panga?"

"Kukata nyasi, mama. Siwezi kwenda kulala chini ya paa la chuo nikamwacha mjomba na fito."

"Mjomba wako ni Bonifasi!"

"Mjomba Bonifasi ameshatangulia. Ndiye aliyebeba kamba."

Hata Bonifasi! Nilimpa ukubwa, ukubwa wake wa kwanza ameutumia kubeba kamba. Nilisema maneno mengi. Nilisema Kaspari alitaka kumfungia kwenye chupa kama udongo, nilisema aoshwe na mvua mpaka mwezi wa nne. Alfonsi akanisikiliza mpaka mwisho, kama anavyofanya tangu mdogo, akasema, "Ndiyo, mama," akaenda.

Basi tangu asubuhi mwalimu wa chuo kikuu yuko juu ya paa la msaliti, kifua wazi, mbegu za nyasi zimemjaa nyweleni. Watu wanapita, na hakuna anayejua anamtazama nani. Imenibidi nisimame barazani. Kila anayepita namwambia, "Yule wa juu, mwenye kamba mdomoni, ndiye mwanangu. Kesho anakwenda kufundisha chuo kikuu." Wengine wamecheka. Mzee mmoja amesema basi chuo hicho kinafundisha kuezeka. Nikamwambia kinafundisha yote, mpeleke na wako.

Anaezeka vizuri, hilo nalisema. Nyasi zake zimelala upande mmoja.

Mchana nimepika. Watu wanaofanya kazi hawaachwi na njaa, sikulelewa hivyo. Nimesonga ugali wa muhogo, nimeunga mbaazi kwa karanga, Magdalena akaja kuchukua sahani apeleke ng'ambo. Ya Alfonsi, ya Bonifasi, ya Emilia, zote ni zile za udongo zenye maua ambazo Magdalena huzitoa kwa wageni. Ya Kaspari nilikaa nayo muda. Nilifikiria nisimtengee. Nilifikiria nimpe ukoko. Mwisho nimemjazia kama wengine, mbaazi mpaka ukingoni.

Lakini nimemwekea kwenye sahani ya bati. Nimeitafuta uvunguni mpaka nikaipata, ile kuukuu ya kulishia kuku, nikaiosha kwa majivu.

Magdalena ameitazama, amenitazama. "Dada," akasema. Kisha akaipeleka.

Sahani zimerudi sasa hivi. Ile ya bati imerudi tupu, imelambwa, inang'aa. Amekula. Sijui nilitaka afanye nini. Nilitaka airudishe na chakula chake, labda. Nilitaka alie. Amekula akashiba, na tumbo linaloumwa ni langu.

Kesho asubuhi, kabla lori la Lindi halijaondoka, Bonifasi atachota unga amwekee Alfonsi kwenye paji la uso, ampe njia, ndiyo baraka ya safari. Kaspari atakuja. Namjua, hawezi kukaa nyumbani hata kwa aibu, na aibu yenyewe hana. Atasimama nyuma ya watu kama mpita njia. Na kama atasogea, je? Kama atanyoosha mkono wake kwenye kikapu, naye ampe njia mtoto aliyemuuza, na Alfonsi akainamisha kichwa kumpokea, maana huyo mtoto atainama tu, mimi nitafanya nini mbele za watu wote?

Nimemwambia Magdalena kikapu nitakishika mimi.